Nusu ya Nyuma ya Rejista

Ninyi mliobaki atelie, karakana yetu ya mashine, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kusahau. Nimeshaanza. Lakini mambo ya maana niliyahesabu mara mbili tangu zamani, kwa hiyo hesabu moja ikipotea, nyingine ingalipo. Vyeo nitaviruka, maana kwetu vilikuwa viwili tu: mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Mishahara nayo nitairuka. Haikututembelea mara za kutosha hata tukazoeana.

Niliingia kwenye kazi hii kupitia sokoni. Nilikuwa nimemaliza sekondari upande wa hesabu na fizikia, na kama wengi wa hesabu na fizikia hapa Uvira, nilikuwa nauza. Nilivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura kutafuta vipande vya redio, nikarudi navyo kifuani ili watu wa douane, yaani forodha, wasivione. Mwalimu Kashindi alikuwa mteja wangu mgumu kuliko wote. Alikuwa Mfuliiru wa Lubarika, mwembamba, aliyesoma elektroniki Lubumbashi na kurudi na sanduku moja la vitabu na jingine la mashine zilizokufa. Siku moja alinirudishia sahani ya chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki vyenye miguu, akisema moja ni mbovu. Nikazihesabu, nikazihesabu tena, nikamwambia zimezidi kwa moja, na hiyo moja ndiyo mbovu, na miguu yake imekatwa kwa koleo, na mimi sina koleo. Kesho yake akanipa kazi. Alisema ni njia rahisi ya kuacha kubishana na mimi. Alikosea.

Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipandisha juu ya mabati na ile sahani. Chipu zetu zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Ukitaka kufuta programu iliyomo, unamulika kidirisha kwa taa maalum. Taa tulikuwa nayo. Umeme wa kuiwasha ulikuwa habari nyingine. Kwa hiyo tulifuta programu kwa jua, kama wengine wanavyoanika ndagala, dagaa wa ziwani, na kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi na kufukuza kuku. Wiki nzima kwa chipu moja. Mawingu yakishuka kutoka milima ya Mulenge, wiki mbili. Ninyi leo mnafuta kwa kubonyeza kidole halafu mnalalamika kwamba mashine inachelewa.

Kitu kikubwa tulichotengeneza kilikuwa kompilateri, yaani programu inayochukua maneno ambayo mtu anaweza kuandika bila kuumwa kichwa na kuyageuza kuwa amri ambazo chipu inazielewa. Mwalimu aliiandika mwenyewe kwa sababu zile za kununua hazikuzijua chipu zetu za kuokota. Mimi alinipa sehemu ya mwisho, ile inayotoa amri zenyewe. Huko ndiko nilikokaa hadi nilipostaafu, na huko ndiko kwenye rejista.

Rejista mnaijua, lakini nitaieleza jinsi alivyonieleza yeye, kwa ajili ya yule atakayekuja akidhani anaijua. Ni kijumba ndani ya chipu ambamo namba inakaa wakati inafanyiwa kazi. Chipu zetu zilikuwa na vijumba vichache, na kila kimoja kilikuwa na vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Namba ndogo, mpaka mia mbili hamsini na tano, inatosha ndani ya chumba cha mbele peke yake. Ikizidi hapo inashika na cha nyuma. Chipu inakuruhusu kuandika chumba kimoja bila kugusa kingine. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Ukibadilisha aliye mbele, aliye nyuma bado yupo, hata kama hukumsalimia.

Kompilateri yetu ilikuwa na mgawa vyumba, anayeamua namba gani ikae kijumba gani. Ilikuwa pia na mfagiaji, anayefuta amri ambazo matokeo yake hayatumiwi na mtu. Wote wawili hawaoni. Wanaamini tu kile unachowaambia kuhusu kila amri: inasoma nini, inaandika nini. Mwalimu, kwa kubana nafasi ndani ya chipu, aliweka kanuni moja. Amri inayoandika chumba cha mbele iliripotiwa kama inayoandika kijumba kizima upya. Ripoti ya namna hiyo iliachia vijumba mapema na kupunguza amri nyingi. Niliposoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilimuuliza aliye nyuma anaenda wapi.

Alinijibu kwamba nyuma hakuna mtu. Kazi yetu kubwa wakati ule ilikuwa mashine ya pompi ya maji ya mtaa wa juu. Ilisoma ni lita ngapi zinapita kwa dakika, halafu ikaamua dawa ya klori kiasi gani idondoke ndani ya maji. Lita zilikuwa tisini, mia, siku ya sikukuu mia na ishirini. Chumba cha nyuma kilikaa na sifuri yake tangu kuwashwa.

"Nabi," akasema, akiniita kwa jina langu, "mu hii kartie, nani atakunywa lita mia mbili hamsini na sita kwa dakika moja?"

"Na kama watakunywa?"

"Ile siku tutakuwa mji mukubwa. Tutanunua taa na umeme yake."

Mji ukawa mkubwa. Vita ndiyo iliyoukuza.

Sitawaeleza vita, mliozaliwa ndani yake mnaijua, na waliokuja baadaye wameletewa yao. Nitasema tu upande uliogusa pompi. Watu walishuka kutoka Lemera na milima ya huko, wakapanda kutoka uwanda wa Ruzizi, wakajaa katika shule iliyo chini ya reservwari, tangi kubwa la maji ya mtaa, katika makanisa, katika nyumba za ndugu na za wasio ndugu. Nyumba ya chumba kimoja ilikatwa kwa kitenge ikawa mbili. Watu wa maji, kwa nia njema, wakafungua pompi ya pili kwenye bomba lile lile ili watu wapate kunywa.

Ndani ya wiki chache kolera, yaani kipindupindu, ikaingia shuleni. Wakazika watoto. Hao niliwahesabu mara moja tu, sikurudia.

Wenye bunduki waliotawala mji wakati huo (nilikuwa nawahesabu wanaotawala, halafu nikaacha) walitaka kujua kwa nini maji yenye dawa yanaua. Wakaenda kituoni, wakakuta mapipa ya klori yamejaa karibu kama siku yalipoletwa. Watu wameongezeka mara tatu na dawa haipungui. Kwa askari hesabu hiyo ina jibu moja: kuna mtu anaificha dawa apate kuiuza. Na mtu mwenye mkono ndani ya mashine ya dawa alikuwa Kashindi.

Mke wake, Mama Riziki, alinikuta atelie akiwa na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Hakulia. Alisema, "Bamemubeba Mwalimu. Banasema atalipa na damu. Nabi, weye njo unajua ile mashine. Minye sijue hata pa kuigusa."

Wakati ule walioshtakiwa kuua watu kwa maji hawakufikishwa mbele ya hakimu. Walifikishwa kando ya ziwa. Nilichukua kalamu, nikaenda kituoni.

Pompi ilikuwa na macho mawili. Moja lilikuwa konteri, mita ya maji ya zamani ya shaba kwenye bomba, yenye mshale, iliyowekwa na watu ambao hata majina yao hatuyajui. La pili lilikuwa kioo cha mashine yetu. Kwa miaka yote yalikuwa yanasema namba ile ile, kwa hiyo watu waliacha kuangalia mshale. Mimi niliangalia yote mawili, kwa tabia. Mshale ulisema mia tatu. Kioo kilisema arobaini na nne. Nikasubiri foleni ya bidon, yaani madumu ya maji, ipungue, nikahesabu tena: mshale mia mbili tisini, kioo thelathini na nne. Mashine ilikuwa inadondosha dawa ya watu wachache kwa maji ya mji mzima. Na pengo lilikuwa lile lile kila mara, mia mbili hamsini na sita bila kuzidi wala kupungua, yaani kile kilichopaswa kukaa chumba cha nyuma.

Nilirudi atelie na kuunganisha orodinateri, kompyuta yetu, kwenye batri ya gari. Niliiagiza ionyeshe amri zote zilizotoka kwenye kompilateri na kuzifuata kwa kidole. Programu ya Mwalimu ilikuwa sahihi: soma nusu ya juu ya namba, iweke nyuma, soma nusu ya chini, iweke mbele, tumia namba nzima. Lakini katika amri zilizotoka, ile ya kwanza haikuwepo. Mfagiaji alikuwa ameifuta. Alikuwa ameambiwa kwamba anayeingia mbele anafanya kijumba chote kuwa kipya, basi akaona aliyewekwa nyuma hatumiwi na mtu, akamtoa pamoja na takataka. Hakuiba. Aliamini ripoti. Kwa miaka yote ile nyuma palikuwa na sifuri juu ya sifuri, na hakuna aliyejua kama mwenye chumba yupo au hayupo.

Sasa sikilizeni namna ya kutengeneza, kwa sababu kila miaka michache mmoja wenu anakuja na wazo la kuharakisha mambo na wazo lenyewe ni kanuni ile ile imevaa suti. Amri inayoandika nusu ya rejista iripotiwe kuwa inasoma na kuandika: inapokea kijumba cha zamani, inarudisha kijumba hicho hicho na chumba kimoja kilichobadilishwa. Hapo mgawa vyumba hawezi kumpangisha mwingine nyuma, na mfagiaji hawezi kumfuta. Lakini msiripoti hivyo kila mahali kwa woga. Pale ambapo kijumba ndiyo kwanza kinafunguliwa na nyuma kweli hakuna mtu, semeni wazi kwamba ni tupu, la sivyo mtashikilia kijumba kwa ajili ya mpangaji asiyekuwepo na chipu itakosa nafasi. Tena kuna chipu za siku hizi ambazo ukiandika nusu ya chini zenyewe zinafuta ya juu. Hizo ripotini kama zilivyo. Someni kitabu cha chipu. Msiniulize mimi, na msiulize tumaini lenu.

Nilibadilisha kanuni mistari michache. Programu ikaongezeka kidogo na bado ilienea ndani ya chipu. Kilichobaki kilikuwa chipu iliyofutwa. Nilipanda kwenye mabati, nikahesabu zilizokuwa zimemaliza jua lao. Moja. Nikahesabu tena kwa heshima. Moja. Niliandika programu ndani yake taratibu kama mtu anayevuka Ruzizi na yai mdomoni, nikaifunga kwenye pamba, nikaenda kumwona komanda wa wale wenye bunduki.

Alikaa katika darasa la shule nyingine, mezani kwa mwalimu, na ubao ulikuwa bado na sarufi ya mwaka wa nne. Hakuwa mtu mjinga, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniacha nimalize yote, mshale na kioo na vyumba viwili, kisha akauliza kama mimi ndiye mke wa Mwalimu.

"Hapana, komanda. Minye niko fundi mwenzake."

"Ile mashine ilitengenezwa na nani?"

"Na yeye. Na minye."

"Basi kosa iko yenu."

"Kosa iko yetu," nikamwambia. "Wizi haiko yetu. Hizo ziko bei mbili, komanda, usituuzie zote kwa pamoja. Na mwizi gani anaiba kiasi kile kile kila saa, hata namba moja isizidi?"

Akasogeza kiti karibu na meza. Kisha tukaanza kupatana bei kama watu wa sokoni. Alitaka wiki moja ya kuangalia. Nilitaka jioni ile ile. Alitaka Mwalimu abaki ndani hata mapipa yakishuka. Nilitaka atoke kwanza. Tuliachana pale ambapo wauzaji wazuri huachana, kila mtu akijiona ameliwa: siku mbili, askari wake anachora alama ya chaki kwenye pipa, mimi naweka chipu mbele ya macho yake, na hakuna anayepelekwa ziwani kabla. Akaniuliza kama pipa halitashuka itakuwaje. Nikamwambia anajua nilipo.

Pipa lilishuka. Siku ya pili maji yalinuka klori mpaka watu wakalalamika ladha ya chai, na sikuwahi kusikia malalamiko matamu kama yale. Kolera ikaanza kurudi nyuma pale shuleni. Komanda alitimiza ahadi yake, lazima niseme hivyo kwa haki, maana ni mmoja wa wachache niliopata kuwasema hivyo.

Kashindi alitoka amevimba uso na amekosa meno ya mbele. Tulimsindikiza nyumbani mimi na Mama Riziki. Njiani mke wake alizidi kupunguza mwendo, na nilidhani ni uchovu. Tulipofika, Mwalimu alipanda ngazi za baraza lake na kugonga, kwa sababu ufunguo walimnyang'anya. Mlango ukafunguliwa na askari asiyevaa shati. Akamuuliza anamtafuta nani.

Wakati Mwalimu yuko kizuizini, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, alikuwa ameombwa nyumba kwa ajili ya afande wa magari. Akatoa ya Kashindi kama nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Afande alichukua sebule na vyumba vya mbele. Mama Riziki na watoto waliachiwa chumba kimoja cha nyuma kinachoelekea choo, na hakutaka tulijue hilo kabla ya mume kutoka. Mwalimu alisimama kidogo pale barazani, akashuka, akazunguka nyumba. Alipofika mlango wa nyuma aligeuka akanitazama.

"Nabi," akasema, "sasa minye njo niko nusu ya nyuma."

Hakucheka, nami sikucheka. Lakini ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kumsikia akitania.

Walikaa hivyo miezi. Atelie alikuja kila siku, akaisoma kanuni yangu mpya neno kwa neno, akasema ni nzuri, akatafuta mahali pa kupunguza amri nyingine kwingine. Akiwa nyumbani alipita nyuma na kuzungumza chini chini ili afande asiamke. Kisha afande alihamishwa, na kabla ya kuondoka akaiuza nyumba. Si vyumba vya mbele. Nyumba nzima, na parseli, yaani kiwanja chake, na choo.

Nilikwenda biro, ofisi inayoandikisha nyumba za mji, mimi mwenyewe, maana Mwalimu alikuwa amechoka na midomo yake haikufunga vizuri tena. Nilidhani nimeshajua kubishana na watu wazito zaidi. Sekretere alikuwa kijana mpole mwenye kola safi. Alinieleza kwamba afande aliingia kwa njia ya kawaida, na alipoingia nyumba ikawa yake, na aliyenunua amenunua kwa mwenye nyumba. Nikamuuliza kuhusu familia iliyokuwa ndani wakati wote huo, na watoto, na masufuria.

"Mama," akasema, na alinionea huruma kweli, "kwetu huku, ya nyuma haionekane."

Siku ile bei haikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kukutana naye katikati.

Kashindi, Mama Riziki na watoto walivuka kwenda upande wa Burundi. Mimi niliwabebea masufuria mpaka mpakani. Aliniachia kibano chake cha kuchomolea chipu, kile chenye mpini uliofungwa kwa mpira, ambacho mmoja wenu anakitumia kung'olea nyusi na nimemwona. Alikufa huko baada ya muda si mrefu, kwa kifua. Hakurudi kuona pompi tena. Pompi haikukosea tena.

Miaka ilipita. Tulifanya mashine za mizani, za redio, za taa za jua, na mnazijua. Vita ilikwenda, ikarudi, ikabadilisha sare. Karibu na mwisho wa kazi yangu, biro ile ile ikatuletea kazi iliyoheshimika: programu ya nyumba za mji, nani anakaa wapi. Sekretere alikuwa mwingine, kola ilikuwa ile ile. Walitaka kwa kila nyumba nafasi moja ya jina. Anapoingia mtu, jina lake linaandikwa, basi.

Nikawauliza yule aliyekuwamo anakwenda wapi. Wakasema anafutwa, ndiyo maana ni programu. Nikawauliza itakuwaje mtu akiingia vyumba vya mbele tu. Wakasema hayo ni mambo madogo, na mashine inatakiwa iwe nyepesi.

Nikawaambia kwamba hiyo tunayo, imekwisha kutengenezwa, na tuliifungia kwenye pompi ya maji, na wanaotaka kujua inavyofanya kazi waulize pale shuleni chini ya reservwari. Nikawatajia bei ya kazi itakayoandika wote wawili, wa mbele na wa nyuma, na itakayokataa kumfuta yeyote asiyesema mwenyewe kwamba ametoka. Nilishusha bei mara mbili. Hamjawahi kuniona nikishusha mara mbili. Walikataa, nami nikakataa, na wengine wenu mlinung'unika kwa sababu ilikuwa kazi nzuri.

Ilichukuliwa na atelie nyingine. Nasikia inakwenda vizuri, ni nyepesi, na tangu iwashwe haijapokea lalamiko hata moja kutoka kwa yeyote ambaye jina lake limo.